Kura Ni Amana Hata Katika Serikali ya Mseto

Uchaguzi ukimalizika bila mshindi, kila chama hupaza sauti kwamba wananchi wameamua, na kwamba uamuzi wao unakielekea chama hicho. Ndugu wasomaji, tujihadhari na maneno hayo. Waingereza walipopiga kura tarehe 6 Mei 2010, serikali ya mseto haikuwamo katika karatasi yoyote ya kura. Conservative walipata viti 306, Labour 258 na Liberal Democrats 57, ilhali wingi katika Bunge la viti 650 ni viti 326. Walichosema wapiga kura ni kwamba hakuna chama walichokiamini kitawale peke yake. Anayedai kuwa walisema zaidi ya hapo anawatilia maneno kinywani.

David Cameron, kiongozi wa Conservative, angeweza kutawala bila wingi, akitafuta kura kwa wapinzani kila muswada unapoletwa. Labour na Liberal Democrats nao wangeweza kuungana, lakini jumla yao ilikuwa 315, hivyo wangelazimika kubembeleza vyama vidogo kila bajeti. Gordon Brown wa Labour alitangaza Mei 10 kuwa yu tayari kuachia uongozi wa chama chake ili mapatano hayo yawezekane, na bado hesabu ikagoma. Kesho yake Cameron akawa Waziri Mkuu, na Nick Clegg wa Liberal Democrats akawa naibu wake.

Siwalaumu kwa kuungana. Chama kilichopata asilimia 36 tu ya kura hakina haki ya kuiendesha nchi kana kwamba kimepewa zote, na Clegg alikuwa ametamka kabla ya uchaguzi kwamba chama kitakachoongoza kwa kura na viti ndicho kitakachopewa nafasi ya kwanza. Lawama yangu ni juu ya kile kilichotolewa mezani.

Wabunge wa Liberal Democrats walikuwa wametia saini, mmoja mmoja, ahadi ya kupiga kura ya kupinga nyongeza yoyote ya ada za vyuo vikuu. Wanafunzi wakawaamini. Lakini mkataba wa mseto ukawapa ruhusa ya kutopiga kura juu ya jambo hilo. Tazameni tofauti: aliyeahidi kupinga sasa anaridhika na ruhusa ya kunyamaza! Hata kunyamaza kwenyewe wengi hawakunyamaza. Desemba 2010 Bunge lilipitisha kikomo cha ada kipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka, kwa tofauti ya kura 21, na mawaziri wa chama hicho, Clegg akiwamo, waliunga mkono. Wabunge wake 21 walisimama na saini zao, nao wastahili heshima.

Haki itendeke: walitimiza mengine. Walipunguza mzigo wa kodi kwa wenye mishahara midogo, kama ilani yao ilivyosema. Lakini aliyepewa amana hana ruhusa ya kuiweka rehani, hata akirudi na faida. Mwaka 2015 wapiga kura waliwabakishia viti 8 kati ya 57.

Zipo njia za uaminifu zaidi. Mwaka huo huo wa 2010, Julai 31, Wazanzibari waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakakubali, na uchaguzi ukafuata Oktoba. Kule Uingereza walioulizwa ni wajumbe wa Liberal Democrats waliokutana Birmingham, tena Cameron na Clegg wakiwa wameshashika madaraka.

Nanyi ndugu zetu Wakenya, Watanzania na Waganda mnaoishi Uingereza kihalali, jambo hili lawahusu moja kwa moja, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa huko. Jiandikisheni. Mgombea akija mlangoni, msimwulize tu atafanya nini chama chake kikishinda. Mwulizeni: chama chako kisipopata wingi, utaungana na nani, na ni ahadi zipi katika ilani yako ambazo hutaziachia hata ukipewa uwaziri? Atakayesema kuwa ni mapema mno kulijibu swali hilo, mwambieni kwamba jibu likija baada ya kura kuhesabiwa, ninyi hamtakuwa na la kufanya kwa miaka mitano.