Mate ni yangu, na majibu pia ni yangu

Wiki iliyopita niliweka video ya sekunde 40 nikijipima virusi vya ukimwi kwa mate, nimekaa tu kitandani kwangu hapa Kericho, na hadi leo simu haijapoa. Nusu ya komenti zinauliza majibu yalikuwa nini. Sikuonyesha, na sitasema. Hiyo ndiyo sababu naandika hii, kwa hivyo tulia kidogo unisikize.

Kwanza tumalizane na sayansi, juu kuna msee aliandika eti huo ni uganga, mate hayawezi kujua kitu. Mate yanajua mengi, buda. Kogo wangu akitaka kunibariki ananitemea mate kifuani, na hakuna mtu nyumbani amewahi kucheka. Kifaa chenyewe ni kijiti bapa. Unakipitisha kwenye ufizi wa juu mara moja, wa chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa chake, unangoja dakika 20. Kusema ukweli, kinachopimwa si mate matupu bali ule unyevu wa ufizi, na ndani yake kuna kingamwili, wale askari ambao mwili unatengeneza ukishakutana na virusi.

Sasa hapa ndipo nilichizi. Ndani ya kile kijiti kuna dhahabu. Chembe za dhahabu ndogo mpaka zinapimwa kwa nanomita, na unywele wako mmoja una upana wa nanomita kama 80,000. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haionekani ya njano tena, inacheza na mwanga kwa njia nyingine na kuonekana nyekundu. Kingamwili za virusi zikiwepo, zinashikana na hizo chembe na kwenda nazo mpaka pale pameandikwa T, ambapo kuna vipande vya protini vilivyotegwa kuzinasa. Chembe moja huwezi kuiona hata ukodoe macho. Mamilioni yakirundikana mahali pamoja, unaona mstari. Ule mwingine wa C unakuambia tu kwamba kifaa kimefanya kazi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya biokemia, juu karo ilikataa. Mambo ya dhahabu sikufundishwa na mhadhiri. Niliyasoma kwa simu nikiwa nimesimama nje ya chemisti.

Na kabla hujakimbia kununua: mistari miwili bado si hukumu, unaenda kituo cha afya wakupime damu wahakikishe. Mstari mmoja nao si cheti, juu kama ulijiweka kwenye hatari ndani ya miezi 3 iliyopita, kingamwili zinaweza kuwa bado hazijatosha. Kama tayari unameza ARV, achana nacho, kitakudanganya.

Serikali ya Kenya ilizindua kujipima mwaka wa 2017. Kwa hivyo hiki si kitu cha kesho. Lakini ninyi mlioandika "kwani hii iko?" mlikuwa wengi sana, na hilo nalo lilinishangaza.

Mimi nimelelewa kwenye kambi ya wachuma chai, upande wa kwenda Bomet. Kambini nyumba ni ya kampuni, zahanati ni ya kampuni, hata njia ya kwenda dukani ni ya kampuni. Nikiwa darasa la saba, kuna zahanati moja, siitaji, ilikuwa na siku yake ya kutoa ARV na benchi lake kando ya mlango wa nyuma. Hakuna daktari aliyetoa siri ya mtu. Benchi ndilo lilitoa. Jirani yetu alikaa pale Alhamisi mbili, na kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wameacha kununua mandazi yake. Aliacha kwenda kuchukua dawa. Sitaki kumalizia hiyo stori.

Na si eti huku tulikuwa na ugonjwa mdogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa mradi wa KEMRI na Walter Reed hapa Kericho walipima watu wazima kama 2,800 kwenye mashamba ya chai. Karibu mmoja kati ya saba alikuwa na virusi, na wanawake walikuwa wameathirika kuliko wanaume. Halafu Februari 2023 BBC wakatoa ile ripoti yao, wanawake zaidi ya 70 wakisema wamenyanyaswa kingono na wakubwa wao wa kazi kwenye mashamba ya chai. Mmoja alisema ndivyo alivyoambukizwa. Fikiria huyo dada. Anapimwa wapi? Karatasi yake inapita kwa meza ya nani?

Ndiyo maana nakipenda kile kijiti. Hakijui jina langu. Hakina namba ya kazi. Mstari unatokea, naangalia kwa macho yangu mwenyewe, natupa, basi.

Lakini sasa maabara duniani kote zinashughulikia kizazi kingine, ambapo kamera ya simu inasoma rangi ambazo jicho halioni vizuri. Chembe za dhahabu na fedha, na vijichembe vingine vinavyowaka ukivimulika, vya kutafuta kwenye mate dalili za figo, homoni za stresi, hata saratani. Ya sukari msitarajie haraka: glukosi kwenye mate ni kidogo sana ukilinganisha na ile ya damu, na kikombe kimoja cha chai yetu, vile tunaweka sukari, kinatosha kuharibu hesabu. Lakini zitakuja. Na mimi nazitaka, msinielewe vibaya. Mamangu ana pressure, amechoka na foleni.

Swali langu ni kwamba simu ikishasoma, inatuma wapi? Mstari wa kuangalia kwa macho hauna seva. Programu ya simu inayo. Na mate ni kitu rahisi sana kuchukua. Damu lazima udungwe, unajua unapimwa. Mate yanabaki kwenye kikombe, kwenye kijiko, kwenye chupa ya soda uliyoacha kazini. Huku mashine za kuchuma chai zikimaliza kazi, na watu walizichoma moto Mei 2023 kwa sababu hiyo hiyo, meneja akisema "temea hapa tu, ni afya yako", nani atakataa?

Usiseme hatuwezi kudanganyika. Tulipanga foleni KICC mwaka wa 2023 kuskeniwa macho na Worldcoin kwa pesa kama elfu saba. Serikali ilisimamisha Agosti, na ikafika Mei 2025 ndipo Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Karibu miaka miwili. Macho yenyewe yalikuwa yameshaenda.

Sheria tunayo. Ile ya ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ndiyo apate kazi. Ile ya kulinda data ya 2019 inaweka habari za afya kwenye kundi la zile nyeti. Ninachotaka mimi ni kitu kimoja juu ya hapo: kifaa chochote cha mate kikija huku, majibu yabaki ndani ya simu ya mwenyewe mpaka yeye aamue kuyatuma. Yasiombe kitambulisho. Yasiombe namba ya mwajiri.

Nesi mmoja rafiki yangu alinipinga, na ana pointi. Alisema mtu akijipima peke yake akute mistari miwili, anaweza kulia usiku kucha na asije hospitali, na wao hawana njia ya kumfuata. Ni kweli. Hilo linaniuma na sina jibu zuri. Najua tu kwamba jirani yetu walikuwa na njia ya kumfuata, faili lake lilikuwa pale, na bado walimpoteza.

Baada ya ile video mathe alinipigia. Nilidhani ni matusi. Akauliza, "Hicho kitu kinauzwa wapi?" Jumamosi nikampelekea kimoja, nimekifunga kwa gazeti. Alioga, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi nikakaa jikoni na kogo. Zikapita dakika 20, zikapita 30. Akatoka, akaweka maji ya chai jikoni, akaniuliza kama nimekula.

Sikumuuliza kitu.