Turudishieni Chai Yetu

Hivi karibuni nilikwenda Soweto West, kijiji kimojawapo cha Kibera jijini Nairobi, kumjulia hali jamaa yangu. Tukaketi kwenye benchi la mbao mbele ya kibanda cha mama muuza chai. Kijana mmoja akapita, akaniamkia. Nikamwambia, "Karibu chai, mwanangu."

Akacheka kicheko cha uchungu. "Mzee, chai nimekwisha kuwanywesha wakubwa mara tatu, na karatasi yangu bado sijapewa. Sasa hata ya mama huyu sina."

Mama akammiminia kikombe. "Kunywa, mwanangu. Utalipa ukipata."

Wallahi, jibu la kijana yule lilinichoma. Chai ilianza kupandwa kwetu Limuru mwaka 1903, na tangu mwaka 1969 mnada wake uko Mombasa. Neema iliyowalisha wengi imekuwaje jina la rushwa?

Jina hili halikuanzia kwetu. Asili yake ni Uchina, nao Wakorea husema "cha". Wao hulitumia hata pasipo na jani la chai. "Boricha" ni shayiri iliyokaangwa, ambayo nyumbani hunywewa kama maji; "saenggangcha" ni tangawizi; "yujacha" ni tunda la jamii ya ndimu lililohifadhiwa kwa asali au sukari. Na adabu ya kuiandaa chai na kuinywa wanayo, huiita "darye". Sisi wa pwani tusiwacheke, maana nasi tuna mchaichai. Ikiwa ni shayiri, tangawizi au mchaichai, kilichomo kikombeni humburudisha anywaye. Lakini kwetu wako waliotia noti kikombeni, na hiyo nayo wakaiita chai!

Watetezi wao husema mkono mtupu haulambwi. Naam, lakini mtumishi wa watu hupokea mshahara. Mkono wake si mtupu. Nasi Waislamu twajua kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji pia. Dhambi haigeuki halali kwa kupewa jina tamu.

Basi ndugu zangu, tuanze na ulimi. Anayedai fedha asiyostahili, tumwambie waziwazi kuwa anataka rushwa. Chai ni ile aliyomiminiwa kijana yule pale Soweto West, na aliyeitoa hakuwa mkubwa wa ofisi yoyote.