Viungo Tunavyo, Mboga Iko Wapi?

Ndugu zangu wa kalamu, leo sikuja na hadithi. Nimekuja na hasira. Mwenye hasira husamehewa akikosa adabu kidogo, ila naahidi sitamtukana mtu.

Hasira yangu ni juu ya kijitabu. Ni kijitabu chembamba cha kutoa kopi, chenye jalada la kijani, kinachouzwa shilingi elfu tatu katika vituo vya tuisheni hapa Dar es Salaam. Ndani kimeandikwa maneno ya Kiingereza ya kuelezea mchakato: jinsi kitu kinavyotengenezwa, kinavyofanya kazi, kinavyogeuka kutoka hali hii kwenda ile. Maneno yenyewe ni "firstly", "secondly", "subsequently", "eventually", "commence", "utilize", "finalize". Mwanafunzi anayameza yote usiku mmoja, asubuhi anaingia kwenye mtihani kuyatapika. Basi. Eti huko ndiko kujua Kiingereza.

Mtaniuliza: wewe uliyepata D ya Kiingereza kidato cha nne unapata wapi mdomo? Swali halali. Mdomo nimeupata kwa sababu D ile niliipata kwa kumeza maneno hayo hayo. Kiingereza kidogo nilicho nacho leo nilikiokota baadaye, kwenye riwaya kuukuu zinazouzwa chini, kando ya barabara. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sishtuki tu, napiga na kelele.

Sasa nisikilizeni kisa.

Baada ya kukaa kijiweni mwaka mzima nikiandika riwaya ambayo haijaisha mpaka leo, nilipata kibarua cha kusaidia kwenye kituo kimoja cha tuisheni. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha madaftari na kukaa na wale walioachwa nyuma. Pale palikuwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na jioni walikuja watu wazima wachache waliotaka kufanya mtihani wa IELTS ili wakasome nje. Makundi yote mawili yalikuwa na shida moja. Yule wa sekondari anaulizwa kwenye Biolojia aeleze mmeng'enyo wa chakula, kwenye Kemia aeleze jinsi oksijeni inavyotayarishwa maabara, kwenye Jiografia aeleze zao la mkonge linavyosindikwa. Yule wa IELTS ya kitaaluma anaweza kuwekewa mchoro, tuseme wa kutengeneza saruji, aueleze kwa maneno yasiyopungua 150 ndani ya dakika kama 20 hivi. Wote wanatakiwa kusema jambo moja: kinafanyika nini, halafu nini, mpaka kitokee nini.

Siku moja binti mmoja wa kidato cha nne alinipa daftari lake. Alikuwa ameuelezea mchoro wa saruji. Alianza na "firstly", kisha saruji "is commenced". Mstari wa pili akaweka "subsequently", saruji "is utilized". Mwisho "eventually", saruji "is finalized". Nikamwuliza, "Dada, hebu nionyeshe hapa kwenye mchoro, hii saruji imefanywa nini?" Akautazama mchoro. Akanitazama mimi. Machozi yakaanza kumlenga.

Jamani, yule binti hakuwa mjinga. Alikuwa amepewa viungo, hakupewa mboga. Amewekewa mezani bizari, pilipili manga na mdalasini, halafu anaambiwa ale ashibe.

Nikafunga daftari. Nikamwuliza mama yake anafanya kazi gani. Akasema anauza vitumbua. Nikamwambia, "Mimi sijui kupika vitumbua. Nifundishe." Basi yule mtoto aliyekuwa analia dakika ile ile akageuka mwalimu! Mchele unaloweka usiku kucha, usipolowana vizuri vitumbua vinakuwa vigumu. Asubuhi unauchuja, unausaga na tui la nazi, unatia iliki, sukari na hamira. Unafunika rojo liumuke. Likishaumuka, unapasha moto chuma cha vitumbua, unatia mafuta, unamimina, unasubiri mpaka kingo zikauke, ndipo unageuza kwa kijiti. Ukigeuza mapema kinapasuka. Ukichelewa kinaungua.

Huo si mchakato? Una mpangilio, una sababu, una tahadhari, una kipimo cha wakati. Mtahini gani duniani anataka zaidi ya hapo?

Tukakaa chini tukatafuta vitendo tu. Kuloweka, "soak". Kuchuja, "drain". Kusaga, "grind". Kuumuka, "rise". Kumimina, "pour". Kugeuza, "turn". Maneno sita mafupi, hakuna hata moja lililovaa tai. Na hakuna hata moja lililokuwamo kwenye kijitabu cha elfu tatu!

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nataka kila mwenye kufundisha tuisheni alisikie. Binti aliandika "the rice is soaked", safi kabisa. Akaandika "the rice is ground", safi. Halafu akaandika "the batter is risen". Kosa. Mwalimu wa kijitabu angelipiga alama nyekundu na kupita. Mimi nikamwuliza kwa Kiswahili: "Rojo linaumuliwa na wewe, au linaumuka lenyewe?" Akacheka. "Linaumuka lenyewe, mimi nafunika tu naenda zangu kuoga." Nikamwambia, basi ni "the batter rises". Hakurudia kosa lile.

Tazameni utajiri tulio nao tunaoukalia kama mkeka. Sisi tunasema maji yanachemka, mama anachemsha maji, maji yanachemshwa. Vinywa vyetu vinatofautisha kinachotokea chenyewe, kinachofanywa na mtu, na kinachofanyiwa. Nguo inakauka, dobi anakausha nguo, nguo inakaushwa. Barafu inayeyuka, jua linayeyusha barafu, barafu inayeyushwa. Mwingereza hapo ana "boil", "dry" na "melt". Neno lile lile linatumika kwa maji yanayochemka na kwa mtu anayechemsha. Kwa hiyo mtoto wetu anachanganyikiwa, si kwa sababu hajui tofauti, bali kwa sababu anaijua mno na haioni kwenye neno la Kiingereza. Mwalimu akimwuliza swali moja tu, "chenyewe au kwa mkono wa mtu?", nusu ya makosa ya "is" na "are" katika maelezo ya mchakato yanakufa siku hiyo hiyo. Lakini nani atamwuliza, wakati Kiswahili kimepigwa marufuku mlangoni na ukutani pamebandikwa karatasi ya "Speak English Only"?

Naomba nieleweke. Sifufui hapa ule mjadala wa lugha ya kufundishia, maana ni mkubwa kuliko ukurasa huu. Tume ya Rais ya Elimu ya 1982, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Haikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, wakaandika ripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Dawa iliyochaguliwa ikawa kuongeza Kiingereza, kwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza. Miaka 40 imepita, wakubwa bado wanajadili. Wajadiliane. Mimi nazungumzia mtoto anayeingia kwenye chumba cha mtihani mwezi wa kumi na moja, ambaye hawezi kusubiri sera. Kiingereza anakihitaji. Ninachokataa ni kufundishwa makapi ya Kiingereza.

Watasema, "Bwana mdogo, mtihani unataka maneno mazito." Nani kawaambia? Vigezo vya kusahihisha IELTS vimechapishwa, yeyote anaweza kuvisoma. Vinaangalia kama umejibu ulichoulizwa, kama maelezo yanafuatana, kama msamiati unafaa, na kama sarufi ni sahihi. Na katika baadhi ya ngazi imeandikwa wazi kwamba kutumia viunganishi kupita kiasi ni kasoro. Kasoro, ndugu yangu! Kile tunachowauzia watoto kwa elfu tatu ndicho kinachowapunguzia alama.

Halafu hata viunganishi vyenyewe wamechagua vibaya. Kinachobeba mchakato ni "mpaka", hiyo "kwanza" ni mapambo tu. Mpaka kingo zikauke. Mpaka maji yachemke. Mpaka liumuke. Mpishi, fundi, mkemia, wote wanaishi kwa "mpaka", maana ndilo neno linalokwambia uache lini. Kiingereza chake ni "until". Baada yake anakuja "wakati", yaani "while", na "ili", yaani "so that". Nilikipekua kijitabu kile kurasa zote. "Subsequently" imo mara tatu. "Until" haimo.

Watasema tena, "Mtoto wa mjini hajui kazi za mikono, atatoa wapi mifano?" Nani huyo? Mtoto wa mjini kamwona fundi baiskeli akiziba pancha mara mia. Tairi linavuliwa, mpira unatolewa, unajazwa upepo, unazamishwa kwenye maji, mapovu yanatoka palipotoboka, panakwaruzwa kwa msasa, panapakwa gundi, gundi inaachwa ikauke kidogo, kiraka kinabandikwa. Hebu hesabuni vitendo hivyo. Kisha tazameni kwamba mapovu tu ndiyo yanayotoka yenyewe na gundi ndiyo inayokauka yenyewe. Vingine vyote vimefanywa na mkono wa fundi. Hilo ni somo zima la sarufi, na ada yake ni kukaa kwenye benchi la fundi nusu saa.

Nakubali, yapo maneno ambayo jikoni hatuyasemi. "Evaporate" na "condense" mwanafunzi wa Kemia lazima ayajue kwa majina yake. Lakini hata hayo yaanzie kwenye sufuria. Maji yanafuka, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unakuwa matone, matone yanadondoka. Mtoto ameliona hilo tangu anatambaa. Mpe kwanza kitu, ndipo umpe jina lake. Ukianza na jina, atalibeba kama mpagazi anavyobeba sanduku la abiria: analisikia uzito, hajui kilichomo.

Mnataka kujua kisa kiliishaje? Binti aliandika ukurasa mzima wa vitumbua kwa Kiingereza. Ulikuwa na makosa, ndiyo, lakini hata mtu asiyejua kitumbua ni nini angeweza kuusoma, akaingia jikoni, akapika kikaiva. Akaupeleka mbele kwa fahari. Mwenye kituo akausoma, akauchora msalaba. Akasema hakuna viunganishi, na tena hii ni lugha ya jikoni. Jioni akaniita pembeni, akanilipa siku zangu, akaniambia nisirudi, ninawapoteza watoto. Yule binti nilimwona mara moja tu baadaye, kituo cha daladala, akiwa na kijitabu cha kijani mkononi. Midomo yake ilikuwa inacheza: subsequently, eventually, finalize. Sikumsemesha. Mpaka leo inaniuma kwamba sikumsemesha.

Sasa nawageukia ninyi, waandishi wenzangu, maana msidhani mmepona. Juzi niliufungua mswada wangu wa riwaya. Shujaa wangu ni fundi redio. Kurasa 80, na hakuna hata mahali pamoja nilipomshikisha risasi na pasi ya kulehemu! "Alikuwa akifanya kazi zake." Kazi gani? Mwandishi hajui. Badala yake nimejaza "ghafla", "hatimaye", "baada ya muda si mrefu". Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mimi niliyefukuzwa kazi kwa kupinga kijitabu, nimeandika riwaya ya kijitabu.

Someni hadithi tunazoletewa humu na zile tunazoziandika. Mhusika "anaandaa chakula". Chakula gani, kwa mikono ipi? Mama "anahangaika na maisha". Anahangaikaje, saa ngapi, na kisu au na mwiko? Tumefundishwa hivyo tangu sekondari: kuunganisha sentensi tupu na sentensi tupu nyingine, kwa uzi mzuri. Ugonjwa ni ule ule, lugha tu ndiyo imebadilika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wewe unayefundisha tuisheni kupata nauli, na najua wengi wenu humu mnafundisha, kesho acha kijitabu nyumbani. Mwambie mwanafunzi akueleze kwa Kiswahili kitu anachojua kukifanya. Chukueni vitendo. Ulizeni kila kimoja: chenyewe, au kwa mkono wa mtu? Tafuteni "mpaka" iko wapi. Kisha mwageuze kwa Kiingereza, neno fupi kwa neno fupi. Hizo "firstly" zitakuja zenyewe mwishoni, kama chumvi, kidogo.

Na wewe mwenye kituo, kama kwa bahati gazeti hili limekufikia, nakusalimu. Sina kinyongo cha mshahara. Ila nakudai ule ukurasa wa vitumbua. Kama bado unao, mrudishie mwenyewe.