Nyumba Isilipe Deni Isilolikopa

Mtu atokaye Mwanza kwa barabara ya Musoma, akafika Kisesa na kushika njia ya Bujora, hapana budi ataona jinsi nyumba zilivyoongezeka. Zamani Bujora ilijulikana kwa kanisa na jumba la makumbusho la Wasukuma lililoanzishwa na Padre David Clement, na kwa ngoma za Bulabo ambazo kila mwaka huwakusanya wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu. Leo imekuwa pia makazi ya walimu, wauguzi, wachuuzi wa dagaa na vijana wa bodaboda, watu waliotafuta kiwanja mbali kidogo na gharama za mjini. Nyumba hizo aghalabu hazikujengwa kwa mkopo. Msingi ulichimbwa kwa fedha za pamba ya mwaka mmoja, matofali yakachomwa mwaka wa pili, bati zikapatikana baada ya kuuza ng'ombe, na milango pengine ilingoja miaka mitatu mingine.

Kwa sababu hiyo twaliona kuwa jambo zito sana kwamba nyumba iliyojengwa kwa miaka 8 yaweza kupotea kwa deni la miezi 8.

Hatuzungumzi hapa juu ya mtu aliyekwenda benki kwa hiari yake, akaweka hati yake rehani ili apate mtaji. Huyo alijua analolitenda. Twazungumza juu ya mwenye nyumba aliyekopa fedha kidogo bila dhamana ya nyumba: kwa simu, au kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Alikopa mwezi wa Januari, wakati watoto wanahitaji sare na michango nayo ghala ni tupu. Au alikopa kwa ajili ya mgonjwa au msiba. Alipochelewa kulipa, akakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu. Sasa anaamka usiku akitazama dari yake, na shauri la kwanza analopewa na jirani ni hili: "Si una nyumba?"

Shauri hilo ndilo tunalotaka kulipima leo.

Kwanza tuihesabu riba. Chukua mkopo wa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ambayo si kubwa kuliko zote zinazotozwa mitaani. Riba peke yake ni shilingi 100,000 kila mwezi. Mtu akilipa riba tu kwa miezi 5, amekwisha kutoa shilingi 500,000, na deni lake liko palepale kana kwamba hakulipa senti. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo uleule riba ingekuwa shilingi 17,500. Tofauti ya shilingi 100,000 na 17,500 ni tofauti ya deni linalolipika na lisilolipika hata mkopaji awe mwaminifu namna gani.

Tena malipo yenyewe hayakupangwa kwa maisha ya watu wa huku. Mkopeshaji hutaka fedha kila siku au kila juma. Mkulima wa pamba hupokea fedha msimu wa kuuza ukifunguliwa. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka hukaa pwani akishona nyavu. Wala hatujasikia kwamba kausha damu huahirisha marejesho kwa sababu ya mbalamwezi. Afadhali kidogo mtumishi wa Serikali, ambaye utaratibu wa mishahara hutaka abakiziwe theluthi moja, lakini naye hukipeleka hicho kibakicho kwa wakopeshaji wa pembeni, na kadi yake ya benki mara nyingine hubaki mikononi mwao.

Sasa turudi kwenye nyumba. Wananchi wengi hawajui kwamba Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966, imetaja mali ambazo hazikamatwi ili kutimiza hukumu ya deni. Katika hizo zimo zana za fundi, zana za mkulima na mifugo yake ya kulimia, na nyumba ya kuishi anamokaa mdaiwa na familia yake. Kwa maneno mengine, aliyekukopesha bila kuwekewa nyumba rehani hawezi kufika na gari na kufuli akakutoa. Atakwenda mahakamani kwanza. Akishinda, bado itampasa atafute mali nyingine. Lakini ulinzi huu una masharti. Mdaiwa akipewa hati ya kuitwa shaurini asijifiche, maana mahakama haiwezi kumsikia asiyekuwapo. Wala nyumba ya pili, ile ya kupangisha, haina kinga hiyo.

Kadhalika deni si jinai. Wako wanaotishwa kwa polisi na jela kila jioni. Kifungo cha madai kimo katika sheria, lakini ni mahakama tu iwezayo kukiamuru, baada ya kumsikiliza mdaiwa. Na aliyeshindwa kwa umaskini hatazamwi sawa na aliye na mali akaificha.

Basi ona hatari ya shauri la jirani. Siku mwenye nyumba atakapoichukua hati yake na kuiweka rehani ili alipe madeni yale madogo, ameivua nyumba yake kinga iliyokuwa nayo. Deni lililokuwa halina mkono wa kuifikia nyumba amelipa mkono. Akishindwa tena, mwenye rehani anayo haki ya kuiuza. Mbaya zaidi ni desturi iliyoingia ya kutiliana sahihi karatasi ya "mauziano". Mtu amekopa shilingi milioni 1, lakini karatasi inasema ameuza nyumba, na tarehe ya kuhama imeandikwa. Huo si mkopo hata kidogo, ni mtego. Na ajabu ni kwamba mara nyingi karatasi hiyo ina muhuri wa ofisi.

Yafaa pia wanaume wakumbuke kwamba nyumba ya familia si yao peke yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelitilia nguvu jambo hilo kwa upande wa rehani. Mke anayeletewa karatasi ya kutia sahihi usiku, akaambiwa ni jambo dogo la ofisini, anayo haki ya kusema hapana mpaka asomewe.

Je, mwenye deni afanye nini? Aandike madeni yote katika karatasi moja, pamoja na riba ya kila moja, na amwonyeshe mwenzake wa nyumba. Kuficha ndiko kunakozaa mkopo wa nne. Kisha amwendee kila mkopeshaji na kumtaka amwonyeshe leseni na mkataba. Asiyekuwa na leseni aweza kushitakiwa Benki Kuu, ambayo ina tawi mjini Mwanza, na ambayo mwezi wa Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Mwenye leseni aombwe kupanga upya marejesho. Mkopeshaji mwenye akili hupenda kulipwa polepole kuliko kutolipwa. Pesa ipatikanayo ianze na deni lenye riba kubwa kuliko yote. Na nyumba yenyewe yaweza kusaidia bila kuuzwa: chumba kimoja kikipangishwa, au kipande cha kiwanja kikiuzwa kwa bei ya mchana na kwa mashahidi, ni afadhali kuliko nyumba nzima kwa bei ya usiku.

Aliye mwanachama wa SACCOS aulize huko kwanza. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya asilimia 10 ya mapato kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, hutolewa kwa vikundi vyenye kazi ya kufanya. Asiichukue mtu kuwa dawa ya deni la zamani. Hatusemi kwamba hakuna hata mmoja ambaye mkopo wa benki kwa rehani utamfaa. Yuko: mwenye mshahara wa hakika, ambaye riba mpya ni ndogo kuliko ya zamani, na ambaye amekwisha kuacha kukopa kwingine. Akikosa moja katika hayo matatu, asithubutu.

Watasema wakopeshaji kwamba twawafundisha watu kudhulumu. La. Fedha ya mtu ilipwe. Lakini wazee wa mkoa huu waijua habari ya mizani. Wakulima wa pamba walipoona wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi hawakuacha kuuza pamba. Walijifunza kusoma mizani, wakaungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikawa chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoongozwa na Paul Bomani. Mizani ya leo ni karatasi ya mkopo, nayo husomwa na upande mmoja tu.

Kwa hiyo twawaomba watendaji wa vijiji na wenyeviti wa mitaa, wa Kisesa, Bujora na kwingineko, wafanye jambo moja lisilohitaji bajeti. Karatasi ya mauziano ya nyumba ikiletwa ofisini, kabla ya kugonga muhuri, mke na mume waitwe wote wawili, waulizwe mbele ya mnunuzi kama wanauza au wanakopa, na fedha ihesabiwe pale mezani. Kama bei iliyoandikwa haimo katika fedha iliyohesabiwa, muhuri urudi kabatini.