Anayenyonya Damu na Anayeitoa

Siku hizi kijana wa Kabambare aweza kuketi chini ya mwembe na kusoma katika simu hadithi ya msichana anayempenda mnyonya damu, mzuri wa sura, asiyekufa kamwe. Katika hadithi hizo malaika walioasi, Kaini na Yuda hupewa maisha mapya. Mzazi Mkristo akiona hayo hushtuka, naye mtoto huficha simu. Sisi twaona ni afadhali kuzipima hadithi hizo kuliko kuzificha.

Mwandishi mashuhuri wa hadithi za namna hiyo alikuwa Anne Rice wa Marekani, aliyelelewa katika dini yetu. Mwaka 1972 alifiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya damu. Mwaka 1976 alitoa kitabu ambamo mna mtoto wa kike aliyefanywa mnyonya damu, asiyeweza kukua wala kufa. Mama aliyefiwa hashindwi kuielewa tamaa hiyo. Mwaka 1995 alikwenda mbali zaidi: shujaa wake aliifikia njia ya Kalvari, akainywa damu ya Kristo mwenyewe. Tazameni jambo hilo. Damu iliyotolewa kwa ajili ya wengi imegeuzwa kuwa kinywaji cha mwenye kiu. Hapo ndipo hadithi inapoachana na Injili.

Hata hivyo tusidhani kwamba giza hilo limeletwa na vitabu vya wageni. Zamani za Wabelgiji, watu wa Katanga walinong'onezana habari za batumbula, wanaokamata watu usiku kwa niaba ya Wazungu. Pwani ya Afrika Mashariki walisema mumiani. Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walishukiwa hata Mapadri Weupe, ndugu wa shirika lile lile lililoleta Injili Kasongo. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi mengi ya jinsi hiyo katika kitabu cha mwaka 2000, akaonyesha kwamba yalibeba uchungu wa kweli wa watu waliotawaliwa na kutumikishwa.

Lakini uchungu wa kweli waweza kumwangukia asiye na hatia. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulienea katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Makundi ya watu yaliwashika waliowashuku, na watu kadhaa wakauawa. Umoja wa Mataifa uliwaondoa watumishi wake katika wilaya hizo. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee, lakini huvunja mifupa ya wengine.

Basi, wanafunzi wapendwa, mkisoma hadithi ya mapenzi na mnyonya damu, jiulizeni: ni nani anayetoa, na ni nani anayechukua? Mpenzi anayesema, "Nakupenda, kwa hiyo uhai wako ni wangu," hajapenda bado, hata akiwa mzuri kama malaika. Binti akutanaye na mtu wa namna hiyo nje ya kitabu na akimbie, wala asiogope kumwambia mama yake.

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto anayeogopa usiku, wala msimruhusu kumtaja jirani au mgeni kuwa mnyonya damu. Uvumi ukifika mlangoni kwenu, uishie hapo.

Na tena, kuna damu ambayo kweli inahitajiwa. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, au mama anayevuja damu baada ya kujifungua, aweza kufa huku ndugu zake wazima wamesimama uani, wakiiogopa sindano kwa sababu ya maneno ya usiku. Mganga wa hospitali akiomba damu, haombi kwa ajili ya batumbula. Mwenye afya na anyoshe mkono wake. Anayeshiriki Ekaristi takatifu siku ya Dominika anajua tayari maana ya damu inayotolewa ili mwingine aishi.