"Tansio ilishuka sana" si jibu

Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama wenye kungoja ku hopitali: mara ngapi familia inaambiwa maneno matatu tu, "tansio ilishuka sana", kisha mlango unafungwa? Ile si jibu. Tansio kushuka ni alama, sawa moshi. Lazima mtu aseme moto uko wapi.

Kazi ya mugodi inapeleka batu ku upasuaji wa kifua. Mwamba unaanguka, mbavu zinavunjika, damu inajaa kando ya pafu. Ao kifua kikuu kinaacha usaha mule.

Mgonjwa akiisha kulazwa usingizi, sababu ni nyingi. Dawa ya kulalisha yenyewe inalegeza mishipa. Damu inaweza kumwagika. Mkono wa munganga, ao chuma chake, unaweza kukandamiza moyo na mishipa mikubwa. Hewa ya mashine inaweza kujaa mu mapafu bila kutoka, ao pafu la upande ingine kutoboka. Tena moyo unaweza kupiga ovyo, ao mwili kukataa dawa.

Kila sababu iko na njia yake. Mkono ukiondolewa, tansio inaweza kurudi palepale. Hewa inaachiliwa itoke. Damu iliyomwagika inarudishwa kwa damu. Lakini kuongeza serumu tu bila kutafuta sababu ni kupoteza dakika, na kifua hakingoje. Njo maana mwenye kulalisha lazima awe amesomea ile kazi, abaki pale na mgonjwa mmoja, na aseme kwa sauti kile anachoona.

Tangu 2008, OMS ilitoa orodha ya usalama wa upasuaji. Mbele ya kulalisha, timu inajiuliza: mgonjwa anaweza kupoteza damu kupita mililita 500? Kama ndiyo, wajipange mapema. Kwa hiyo damu itafutwe mbele, si wakati familia inaanza kukimbia usiku.

Sisi pia tuko na deni. Tuseme dawa zote mgonjwa anakunywa, za tansio na za miti. Tuseme dawa gani ilimdhuru zamani. Tutoe damu.

Na kampuni zenye kulipa hopitali ziulize: nani analalisha batu wetu, na damu iko? Familia nayo, kisha upasuaji, iambiwe sababu. Kuuliza si kutukana munganga.