Adapta ya amplifaya: angalia skrubu kabla ya bei

Amplifaya ndogo zinazotosha kwenye kiganja zimeingia sebule nyingi. Zinapokea muziki wa simu kwa bluetooth, zinaamsha spika za zamani zilizokuwa zikila vumbi stoo, na bei yake haiumizi. Shida ni kwamba nyingi huuzwa bila adapta. Muuzaji humwambia mteja, "Tafuta ya volti 24," basi.

Mtaani, cha bei nafuu kinachopatikana haraka ni kile kisanduku cha bati chenye matundu, kinachotumika kuwashia taa za mabango na kamera za ulinzi. Nguvu kinayo. Lakini kimetengenezwa kifungwe ndani ya boksi jingine, si kukaa wazi chini ya meza ya televisheni. Pembeni kina safu ya skrubu, na mbili kati ya hizo zinabeba umeme wa ukutani, volti 230. Kifuniko chake ni kipande cha plastiki kinachofunguka kwa kucha. Mtoto anayetambaa anazifikia bila shida.

Kisanduku hicho pia kinahitaji waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini, ila wengi hukifunga kwa nyaya mbili tu. Hitilafu ikitokea ndani, bati lote linaweza kushika umeme. Vingine vina swichi ndogo ya kuchagua 110 au 220. Ikiachwa kwenye 110, kinaweza kulipuka mara tu kinapochomekwa.

Nyumba yenye watoto inunue adapta iliyozibwa pande zote, kama ya kompyuta mpakato, hata ikiwa ghali zaidi. Ni heri kungoja mwisho wa mwezi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Volti zisizidi zile zilizoandikwa kwenye amplifaya. Chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments, ambayo imo ndani ya nyingi kati ya hizi, hufanya kazi hadi volti 26. Adapta ya kompyuta ya volti 19 inaifaa, ila sauti ya juu itapungua kidogo. Ampea zikizidi hakuna ubaya, kwani amplifaya huchukua inachohitaji. Zikipungua ndiyo taabu: adapta ya king'amuzi ya volti 12 na ampea 1.5 hutoa wati 18 tu, hivyo besi ikigonga muziki unakatika na adapta inachemka. Volti 24 na ampea 4 au 5 zinatosha sebule ya kawaida. Mchoro wa chanya na hasi ulio kwenye adapta ufanane na ule wa amplifaya.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe kwa mkono. Swichi kuu izimwe kwanza. Asipopumua, aanze kukandamizwa kifua huku msaada ukiitwa. Aliyezimia, aliyeungua, anayehisi moyo kwenda mbio, pamoja na mjamzito, wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepona.

Halafu kuna vile vitambaa vya kufuma vinavyofunika kila kitu sebuleni. Amplifaya haina neno kupambwa ikiwa imezimwa, lakini adapta hupoa kwa hewa inayoizunguka. Isifunikwe, wala isisukumwe nyuma ya mto wa kochi.